Heri Akosee kwa Mdoli Kuliko Kifuani Mwako

Kama umewahi kusomea udereva hapa Kenya, unaijua ile meza. Ubao mkubwa umechorwa barabara, raundabauti na makutano, na juu yake kuna vigari vya kuchezea. Mwalimu anakuambia utoke hapa ufike pale, nawe unasukuma kagari kwa kidole huku ukitaja sheria. Ukiingia njia isiyo yako, hakuna anayekufa. Unachekwa, unarudia. Siku ya kuingia Thika Road ikifika, angalau akili yako imeshapita njia hiyo mara kadhaa.

Sasa jiulize. Daktari atakayekulaza usingizi ili kifua chako kipasuliwe, yeye vigari vyake vya kuchezea viko wapi?

Mimi si daktari, na chuo chenyewe sikumaliza. Lakini hili ni swali linalokuhusu, hata kama leo uko fiti na hujawahi kulala wodini. Kisu cha mwizi, ajali ya bodaboda, TB iliyokaa kifuani kitambo bila kutibiwa, saratani ya umio ambayo inawasumbua watu wengi upande wa Bomet: yote hayo yanaweza kumpeleka mtu unayempenda kwenye meza ambapo kifua hufunguliwa. Na pale mezani, maisha yake hayako mikononi mwa yule mwenye kisu peke yake.

Yule anayekaa upande wa kichwa

Mtaani tunamwita "yule wa sindano ya usingizi", kana kwamba akishadunga anaenda zake kunywa chai. Wapi! Kazi yake huanzia hapo. Ukishalala, kupumua kwako, presha yako, mapigo ya moyo na maumivu yako, vyote vinakuwa mzigo wake. Huyo ndiye mtaalamu wa nusukaputi. Daktari wa upasuaji anakukata, yeye anahakikisha unaamka.

Kwa upasuaji mwingi, mambo ni mrija mmoja tu. Unapitishwa mdomoni, unaingia kwenye koo la hewa, mashine inajaza mapafu yote mawili. Kifua ni kesi tofauti kabisa. Tuseme daktari anataka kutoa kipande cha pafu lililoharibiwa na kifua kikuu. Pafu hilo likiendelea kufura na kunywea mara kumi na kitu kwa dakika, ni sawa na fundi kujaribu kushona suruali ambayo mwenyewe ameivaa na anacheza densi. Kwa hivyo pafu moja lazima lisimamishwe, linywee kama puto lililotobolewa, huku lingine likibeba mwili mzima.

Ndiyo maana kuna mrija maalum wenye njia mbili ndani yake. Njia moja inaishia kwenye koo la hewa, nyingine inazama zaidi hadi kwenye tawi linaloingia pafu moja, na kila njia ina kaputo kake ka kuzibia. Unafunga hii, unafungua ile. Eric Carlens wa Sweden alitoa muundo wake mwaka 1949, na Robertshaw wa Uingereza akauboresha mwaka 1962. Wazo hilo bado linatumika hadi leo.

Shida iko kwa vipimo. Tawi la kushoto lina urefu wa karibu sentimita 5 kabla halijagawanyika. La kulia lina kama 2 hivi, kisha njia ya sehemu ya juu ya pafu inachomoka ghafla. Kaputo kakikaa vibaya upande huo, kanaziba njia hiyo na sehemu nzima ya pafu inakosa hewa. Kwa sababu hiyo wengi hupendelea mrija wa kushoto, hata wakati pafu linalopasuliwa ni la kulia. Lakini hata huko kushoto, mambo huharibika kwa tofauti ya sentimita moja tu. Halafu, baada ya kuuweka vizuri, mgonjwa anageuzwa alale ubavu, na mrija unaweza kusogea. Lazima uchungulie tena kwa kamera nyembamba iitwayo bronkoskopu.

Na ukichungulia, unaona nini? Mashimo. Mashimo ya rangi ya waridi yanayofanana kama milango ya ploti ambayo hujawahi kuingia, usiku, stima ikiwa imepotea. Kama hujaikariri ile ramani, utasema uko kushoto kumbe uko kulia.

Sauti inayoshuka

Kuna kifaa cha kubana kidoleni, kile cha kupima oksijeni ya damu. Ndani ya thieta hulia kwa kila pigo la moyo. Oksijeni ikishuka, mlio wenyewe pia unashuka, kama mwimbaji anayeteremka sauti ya chini. Mtaalamu aliyezoea anausikia bila hata kugeuka kutazama skrini.

Pafu moja likisimamishwa, damu bado inapita humo bila kupata hewa, kwa hivyo oksijeni kushuka si ajabu. Mwili hujaribu kujiokoa kwa kubana mishipa ya pafu lililolala, ili damu nyingi iende kwa lile linalofanya kazi. Wakati mwingine hiyo haitoshi. 96. 92. 88. Sasa mtu mmoja ana muda mfupi wa kujibu maswali mengi. Mrija umesogea? Umezibwa na damu au makohozi? Pafu linalofanya kazi limenywea upande wa chini? Ama shida ni moyo?

Kuna ngazi za kupanda. Ongeza oksijeni hadi asilimia 100. Chungulia mrija. Fyonza makohozi. Lifungue vizuri pafu linalofanya kazi. Lipe pafu lililolala oksijeni kidogo kwa shinikizo dogo. Hali ikizidi, mwambie daktari wa upasuaji asimame ili mapafu yote mawili yajazwe tena. Kwenye daftari ni rahisi kama kupika chai. Lakini kifua cha mtu kikiwa wazi, mlio unashuka, na daktari mkuu anauliza kwa ukali "kuna nini hapo juu?", mkono unaweza kusahau kila kitu ambacho kichwa kilisoma.

Na usidhani ni wanafunzi peke yao. Mwaka 2006 Javier Campos na wenzake wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu madaktari wa nusukaputi ambao si wageni kazini, ila hawafanyi kesi nyingi za kifua. Walipewa aina tatu za vifaa vya kutenganisha mapafu. Katika zaidi ya thuluthi moja ya kesi hawakukiweka kifaa mahali panapofaa. Kubadilisha kifaa hakukusaidia sana. Kilichowaangusha zaidi ni kutoijua vizuri ile ramani ya mashimo.

Ramani, msomaji, hujifunzwa kwa kuipita tena na tena. Sasa ataipita wapi?

Kutoka duka la midoli hadi thieta

Jibu lilianza na mtengenezaji wa vitu vya watoto. Mwaka 1960 huko Norway, Asmund Laerdal, ambaye kiwanda chake kilikuwa kikiunda midoli ya plastiki, alitoa mdoli mkubwa wa watu kujifunzia kupuliza hewa mdomoni mwa mtu aliyeacha kupumua. Nyuma ya wazo hilo walikuwepo madaktari wa nusukaputi, akiwemo Peter Safar. Ukienda mafunzo ya huduma ya kwanza leo, yule mdoli unayemfinya kifua ni wa ukoo huo.

Mwishoni mwa miaka ya 1960, Chuo Kikuu cha Southern California kilitoka na Sim One, mdoli aliyeendeshwa na kompyuta kwa ajili ya kufunzia nusukaputi. Kifua chake kilipanda na kushuka, macho yake yalifumbuka, mboni zake zilitanuka. Kilikuwa kifaa cha ajabu, lakini ghali mno, na hakikuenea. Ilibidi kungoja hadi miaka ya 1980, wakati David Gaba na wenzake wa Stanford walipounda chumba kizima cha mazoezi: mdoli, mashine halisi, watu wa kuigiza, na hatari iliyopangwa.

Gaba hakuangalia hospitali peke yake. Aliwaangalia marubani. Na marubani walikuwa wamejifunza kwa njia chungu sana. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili aina ya Boeing 747, moja ya KLM na nyingine ya Pan Am, ziligongana kwenye barabara ya kurukia huko Tenerife, ukungu ukiwa mzito. Watu 583 walikufa. Rubani wa KLM alikuwa mkubwa sana kazini. Alipoanza kupaa bila ruhusa, injinia wake aliuliza kama ile ndege nyingine imeshaondoka barabarani. Akajibiwa kwamba ndiyo. Hakusisitiza.

Soma tena hiyo sentensi ya mwisho, kisha ifikirie kwa mazingira yetu. Wewe ni muuguzi kijana. Umeona mrija umesogea. Daktari mwenye miaka ishirini kazini anasema ni mashine tu inasumbua. Utafungua mdomo? Wengi wetu tumelelewa tukiambiwa mkubwa hakosolewi mbele za watu. Nyumbani hiyo ni adabu. Ndani ya thieta inaweza kuwa cheti cha kifo.

Zoezi linavyopangwa

Hebu tuingie kwenye zoezi la aina hii. Mdoli amelalia ubavu, shuka zimefunikwa, mrija wa njia mbili uko ndani. Mwalimu amejificha nyuma ya kioo au pazia na kompyuta yake. Mwanafunzi wa nusukaputi yuko upande wa kichwa, muuguzi kando yake, na mtu mwingine anaigiza daktari wa upasuaji. Huyo amepewa maagizo ya siri: uwe na haraka, uwe mkali.

Dakika za kwanza ni poa. Kisha mwalimu anabonyeza. Oksijeni inaanza kushuka, mlio unabadilika. Mwanafunzi anageukia mashine, anazungusha vitufe. 90. Anazungusha tena vitufe vilevile. Muuguzi anajua bronkoskopu iko wapi, anaitazama, hasemi kitu. 85. "Daktari wa upasuaji" anapaza sauti. Jasho linamtoka mwanafunzi, jasho la kweli, kwa sababu ya mtu wa plastiki!

Mwalimu anasimamisha zoezi. Na hapa ndipo watu wengi hukosa kuelewa. Somo lenyewe linaanza sasa, kwenye viti, si pale kwa mdoli. Mazungumzo ya baadaye mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko zoezi. Mwalimu mzuri hamuulizi mtu "mbona ulikosea?" Anauliza: "Wakati ule oksijeni ilikuwa 90, wewe ulikuwa unaona nini?" Mwanafunzi anasema aliamini ni mashine. Muuguzi anasema aliogopa kuonekana anajifanya mjuaji. Yule wa kuigiza upasuaji anasema hakuambiwa kitu, kwa hivyo alijua mambo yako sawa. Watu watatu, chumba kimoja, na kila mmoja alikuwa kwenye sinema yake.

Halafu wanarudia. Safari hii muuguzi anasema kwa sauti, "Oksijeni ni 88, kamera hii hapa." Maneno machache tu. Lakini ni rahisi zaidi kuyatoa mbele ya mgonjwa wa kweli kama ulishawahi kuyatoa mbele ya mdoli.

Na hapa kwetu?

Shirikisho la dunia la vyama vya madaktari wa nusukaputi, WFSA, linapendekeza nchi iwe na angalau madaktari 5 wa fani hiyo kwa kila watu 100,000. Kenya hatujakaribia hapo. Madaktari husomea nusukaputi katika Chuo Kikuu cha Nairobi, wakifanyia kazi KNH, na pia Aga Khan. Hospitali ya AIC Kijabe imefunza wauguzi wengi kazi hiyo, na kaunti nyingi zinategemea wauguzi na maafisa wa kliniki waliosomea nusukaputi.

Uhaba huo unauma mara mbili. Wataalamu wakiwa wachache, walimu ndio hao hao wanaoitwa thieta kutwa kucha. Na kesi za kifua si nyingi kama za upasuaji wa kujifungua, kwa hivyo mwanafunzi anaweza kusubiri muda mrefu kabla ya kuushika mrija wa njia mbili kwa mkono wake. Akiushika, mkufunzi wake huwa kando, hilo ni kweli. Lakini mkufunzi hawezi kumkopesha mikono iliyozoea. Bila mdoli, mazoezi ya kwanza yanafanyiwa kifua cha mtu. Na hospitali kubwa za mafunzo ni za umma. Unajua ni nani anayepanga foleni huko. Ni watu wa mtaa wetu, wala si wale wanaopanda ndege kwenda kutibiwa India.

Hapo ndipo mimi naona haki iko. Watu husema midoli ya mafunzo ni anasa ya nchi tajiri. Mimi naona kinyume: nchi yenye walimu wachache na kesi chache ndiyo inayoihitaji zaidi.

Na si lazima kuanza na mashine ya mamilioni. Kwa hatari za jumla, mdoli wa kawaida na mwalimu anayejua kuongoza mazungumzo wanatosha kuanzia. Kozi fupi za SAFE, zilizoanzia Uganda mwaka 2011 kwa ajili ya nusukaputi ya akina mama wanaojifungua, zilienea nchi nyingi kwa vikundi vidogo, vifaa vya kubebeka na mifano ya kuigiza. Kwa ile ramani ya mashimo, Hospitali ya Toronto General huko Kanada iliweka mtandaoni, bure, mfano wa mapafu ambao mtu anausafiri kwa kubofya. Wengine hutumia mapafu ya kondoo au nguruwe kutoka machinjioni. Ndiyo, yale mapupu ambayo bucha la mtaani kwako humuuzia mwenye mbwa.

Kuna pia printa za 3D. Picha za CT za mgonjwa zinaweza kugeuzwa kuwa mti wa plastiki wa njia za hewa, matawi yote yakiwa mahali pake, ukapitishiwa kamera mara mia bila kumuumiza mtu. Nairobi ina vijana wanaochapisha vipuri, vito na viunzi vya simu kwa mashine hizo kila siku. Kama wewe ni mmoja wao na unalia hakuna kazi, hili ni soko ambalo halijajaa. Tafuta mwalimu wa nusukaputi, muulize anahitaji nini. Anaweza kukushangaza.

Plastiki ina mipaka

Tusidanganyane. Mdoli hana mama anayelia kwenye korido. Koo lake halina damu ya kweli, na makohozi yake ni maji ya rangi. Ni rahisi zaidi kuthibitisha kwamba mazoezi haya yananoa mikono na mawasiliano kuliko kuhesabu ni wagonjwa wangapi waliopona kwa sababu yake. Na mdoli ghali aliyefungiwa kwenye stoo, akitolewa siku ya wageni kupigwa picha, hafunzi mtu yeyote. Bila mwalimu na bila muda uliotengwa kwenye ratiba, hiyo ni fanicha.

Lakini mtu akikuambia kwamba daktari hujifunza kwa wagonjwa na ndivyo imekuwa siku zote, mwulize swali moja tu: wagonjwa wa nani?

Na wewe, kuna kitu unaweza kufanya leo. Sheria ya Afya ya 2017 inakupa haki ya kuelezwa matibabu yako kabla ya kukubali. Kwa hivyo ukiwa unampeleka mzazi au rafiki kwa upasuaji wa kifua, usimhoji daktari wa kisu pekee. Omba kumwona mtaalamu wa nusukaputi mapema, si mlangoni mwa thieta. Mwulize: ni pafu gani litasimamishwa? Utathibitishaje mrija umekaa vizuri, na utaangalia tena mgonjwa akishageuzwa? Oksijeni ikishuka, mpango wenu ni upi? Uliza kwa heshima, andika majibu kwenye simu. Anayeijua kazi yake hatakasirika. Pengine atafurahi kwamba, kwa mara moja, kuna mtu amejua kwamba yeye haendi kunywa chai.